Masuria wa Zanzibar na Uhuru Ulioishia Mlangoni

Habari za kukomeshwa kwa utumwa Zanzibar huelezwa kwa tarehe tatu. Mwaka 1873 Seyyid Barghash, akibanwa na manowari za Kiingereza na ukali wa balozi John Kirk, alitia saini mkataba uliofunga soko la Mkunazini na kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Mwaka 1890 Seyyid Ali bin Said alikataza kuwanunua na kuwauza. Tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri iliyoufuta utumwa katika sheria za nchi, hivi kwamba hakuna mahakama ambayo ingemrudisha mtu kwa bwana wake. Mgeni anayepelekwa Mkunazini leo huonyeshwa kanisa lililojengwa pale soko lilipokuwa, husomewa tarehe hizo, na huondoka akiamini kwamba kufikia mwisho wa karne ile mambo yalikuwa yamekwisha. Tarehe zote ni za kweli, ila zimepangwa kwa kufuata safari ya mtumwa wa shamba na wa bandarini. Kwa suria, yaani mjakazi ambaye bwana wake alimweka ndani na kulala naye, mwaka 1897 haukuwa mwaka wa uhuru. Amri iliyowafungua wengine ilimtaja yeye kwa jina la hali yake, ikasema ahesabiwe kama mke, kisha ikaagiza abaki alipo. Alingoja mpaka 1909. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba miaka hiyo kumi na miwili haikutokana na usahaulifu wala uandishi mbovu. Yalikuwa makubaliano ya wanaume waliogombana karibu katika kila jambo jingine, Mwingereza na Mwarabu, mtawala na mwenye mikarafuu, kwamba mwanamke akishavuka mlango wa nyumba ya mwanamume, sheria haina kazi tena naye. Makubaliano hayo yamedumu kuliko utumwa wenyewe.

Tuanze na usuria ulivyokuwa. Kwa sheria ya Kiislamu jinsi ilivyofuatwa pwani na visiwani, mwanamume hakuruhusiwa wake zaidi ya wanne kwa wakati mmoja, lakini masuria hawakuwa na idadi. Suria hakupewa mahari, hakufungiwa ndoa, hakuulizwa. Mtoto wake, bwana akikubali kuwa ni wake, alizaliwa mwungwana na akarithi sawa na watoto wa wake wa ndoa. Mama aliyezaa hakuuzwa tena, na bwana alipofariki aliachwa huru. Ndani ya mpaka huo ukoo mzima wa watawala ulijengwa. Seyyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Zanzibar kutoka Omani, alifariki mwaka 1856 akiwa na watoto wengi sana, na hata mmoja hakuzaliwa na mkewe wa ndoa, Bibi Azza bint Seif, ambaye hakujaliwa mtoto ingawa ndiye aliyetawala nyumba. Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wana wanne waliorithi kiti cha Zanzibar mmoja baada ya mwingine, wote walizaliwa na masuria. Watu wanaposema kwamba suria alikuwa na cheo, huu ndio ushahidi wanaouleta, na ni ushahidi mzito. Nitaurudia.

Mmoja wa mabinti wa Said ametuachia picha ya karibu kuliko zote. Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake Berlin mwaka 1886. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa angali mtoto baada ya wazazi wake kuuawa vitani. Salme anaueleza utoto wake kwa mapenzi, na ni mwepesi kuutetea utumwa wa nyumbani mbele ya wasomaji wake wa Ulaya. Hata hivyo mambo mengine yanamponyoka kalamu. Anasimulia jinsi masuria wa Kicherkesi, wakijua kwamba walinunuliwa kwa bei kubwa, walivyokataa kula pamoja na masuria wa Kihabeshi. Hebu tulitazame jambo hilo kwa utulivu. Hapa wapo wanawake ambao hakuna hata mmoja wao aliyechagua kuwemo katika nyumba ile, na bei waliyonunuliwa imegeuka kuwa heshima ya kugombaniwa kwenye chakula. Ubaguzi wa rangi uliomo humo haukuanzishwa na wao. Umetoka sokoni, ukaingia nao ndani, na kwa kuwa kila mmoja aliishi kwa kupendelewa na mtu mmoja, kumshusha mwenzake kulikuwa njia ya kujiinua. Salme anasema pia kwamba mabinti walifundishwa kusoma lakini kuandika walinyimwa, naye alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa bapa wa bega la ngamia. Ndiyo sababu tuna kitabu cha binti wa suria na hatuna cha suria. Tukimkuta suria kwenye karatasi, amewekwa pale na mwanamume: karani wa mahakama, mmisionari, balozi.

Wengi wa wanawake hawa hawakutoka Ucherkesi wala Uhabeshi. Walitoka bara, katika nchi za Ziwa Nyasa, Uyao, Umanyema na kwingineko, wakateremshwa Kilwa, Bagamoyo na bandari ndogondogo. Na hapa ndipo simulizi ya kawaida, inayomweka Mwarabu peke yake kizimbani, inapokosa nusu ya ushahidi. Chukua habari za Swema, binti wa Kiyao aliyefikishwa Zanzibar katika miaka ya 1860 na kusimulia maisha yake kwa watawa wa misheni ya Kikatoliki waliompokea. Baba yake aliuawa na simba. Bila mume wala ukoo wenye nguvu, mama yake alihamia kwa watu wengine, akaingia katika deni, na aliposhindwa kulipa, mdai akamchukua Swema na kumuuza kwa wafanyabiashara wa msafara. Mama, asiyetaka kutengana na mwanawe, akaomba kufuatana na msafara, akaishiwa nguvu njiani na kuachwa afe. Swema mwenyewe alifika Zanzibar hoi kiasi cha kudhaniwa maiti, akazikwa akiwa hai, na kuokolewa na aliyesikia kilio chake. Mdai aliyemuuza hakuwa mgeni kutoka ng'ambo. Alikuwa jirani anayetumia desturi iliyojulikana, kwamba deni la mtu mzima laweza kulipwa kwa mtoto wa kike, na kwamba mjane asiye na mwanamume wa kumsemea hana wa kumzuia mdai. Mahitaji ya pwani, meno ya tembo na mashamba ya karafuu ndivyo vilivyoigeuza desturi hiyo kuwa biashara kubwa na ya kikatili kupita kiasi, lakini mlango ambao msafara uliingilia ulikuwa tayari wazi. Mfumo dume wa bara ulikuwa muuzaji, wa pwani ulikuwa mnunuzi, na wa Ulaya, kama tutakavyoona, ulikuja kuandika hati.

Turudi kwenye amri ya 1897. Iliandikwa wakati Sir Arthur Hardinge ndiye balozi mkuu wa Uingereza, zaidi ya miezi saba baada ya mizinga ya Kiingereza kuibomoa kasri ya Seyyid Khalid, aliyejitwalia kiti bila ridhaa yao, Agosti 1896. Sultani aliyewekwa baada ya hapo hakuwa na ubavu wa kukataa lolote zito, kwa hiyo kila neno la amri hiyo lina ridhaa ya Waingereza, kama si mkono wao. Mtumwa aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuudai, na bwana aliyeweza kuthibitisha haki yake alilipwa fidia. Kuhusu masuria, amri ilisema watahesabiwa kuwa watu wa nyumba ya ndani kwa maana ileile ya wake, na wataendelea katika hali waliyo nayo, isipokuwa mmoja wao akidai kuachwa kwa sababu ya ukatili. Suria ambaye hakuzaa aliweza kukombolewa kwa idhini ya mahakama. Mpagazi aliyesimama mbele ya hakimu alitakiwa kusema tu kwamba anataka kuwa huru. Suria alitakiwa kuthibitisha kwamba ameteswa. Na ukatili wenyewe upimwe kwa kipimo gani? Kulazwa na mtu usiyemtaka, mtu aliyekununua, hakukuhesabiwa, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa tafsiri ya hali yenyewe. Kilichobaki ni kipigo cha kupita kiasi, njaa, majeraha yanayoonekana. Yote hayo yalitokea ndani, mbele ya mashahidi ambao ama walikuwa watumwa wa bwana yuleyule ama ndugu zake.

Maofisa walitoa sababu zao. Walisema kuingia katika nyumba za Waarabu kungeonekana kuwa ni kuwavunjia heshima na kungeleta fujo. Walisema pia kwamba wanawake hao wakifunguliwa wote mara moja wataishia kuwa makahaba. Sababu ya kwanza ni ya utawala: amani na wenye mashamba ilinunuliwa, na malipo yake yalikuwa wanawake. Ya pili ndiyo inayofichua zaidi. Hakuna aliyehofia kwamba mpagazi au mkulima akifunguliwa atakosa mtu wa kulala naye. Walihofia uvivu wake. Mwanamke alionwa kama kiumbe ambaye lazima awe mikononi mwa mwanamume fulani, na asipokuwa wa mmoja basi atakuwa wa wote. Fikra hii haikuwa ya Kiarabu wala ya Kiislamu peke yake. Waliokuwa wakiandika walitoka katika nchi ambayo maneno ya jaji Matthew Hale, yaliyochapishwa mwaka 1736, bado yalihesabiwa kuwa sheria: kwamba mume hawezi kuwa na hatia ya kumbaka mkewe, maana kwa kuolewa mke ametoa ridhaa asiyoweza kuirudisha. Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, ambayo Waingereza waliileta kutumika katika himaya zao za Afrika Mashariki, iliiandika kinga hiyo ya mume waziwazi. Uingereza yenyewe haikuiondoa mpaka 1991, kwa uamuzi wa majaji wa Baraza la Malordi. Kwa hiyo pale walipoandika kwamba suria awe kama mke, walijua vizuri mke ni nani mbele ya sheria. Walimhamisha kutoka umiliki mmoja kwenda mwingine walioufahamu kwao, wakaona wamefanya jambo la kiungwana.

Amri ya mwaka 1909 hatimaye iliwaruhusu masuria kudai uhuru kama watumwa wengine. Hata hapo, suria aliyeondoka bila idhini ya bwana alipoteza haki ya kukaa na watoto aliomzalia. Sidhani kuna kifungu kinachoeleza mfumo dume kwa ufupi kuliko hicho. Aliambiwa yu huru kwenda, na kinachomfanya asiende kikazuiliwa nyumbani. Mama wa watoto watatu, asiye na ukoo visiwani kwa sababu aliletwa akiwa mtoto, aliyesahau hata jina la kijiji chake, alikuwa na watu watatu tu duniani wa damu yake. Sheria ilimtaka awaache ndipo iamini kwamba anataka uhuru. Wanaosoma takwimu za mahakama na kuona wanawake waliobaki wakatosheka kusema kwamba waliridhika, wasome kwanza kifungu hicho.

Sasa nirudi kwenye pingamizi nililoahidi, nalo ni la watu makini, si la kupuuzwa. Profesa Abdul Sheriff, ambaye kazi yake juu ya uchumi wa Zanzibar ndiyo msingi wa kila anayeandika habari hizi, ameeleza kwamba tukimpima suria kwa mizani ya utumwa wa Marekani tutamkosea. Kule mtoto wa mjakazi aliyezaa na bwana alibaki mtumwa na aliweza kuuzwa na baba yake mwenyewe. Huku alikuwa huru, akarithi, akatawala. Suria aliingizwa katika jamii na uzao wake ukawa jamii yenyewe. Hayo ni kweli, na tofauti si ndogo: mtoto wa Jilfidan hakuuzwa mnadani, na kaka zake wa baba mmoja waliketi kitini. Lakini tutazame ulinzi huo ulipokuwa umefungwa. Haukufungwa kwa mwanamke. Ulifungwa kwa tumbo lake. Aliyezaa alilindwa, na aliyekuwa mgumba, au aliyefiwa na mimba, au ambaye bwana hakumkubali mtoto wake, alibaki bidhaa. Sheria ilimheshimu kama mama wa mtoto wa mtu fulani. Tena mfano unaotolewa kila mara ni wa kasri, ambako sultani alikuwa na mali ya kutunza mamia ya watu, wakati wengi wa masuria waliishi kwa matajiri wa kati na wadogo, ambako suria huyohuyo alitwanga, akateka maji na kuchuma karafuu. Kujumuishwa katika jamii hakupunguzi kitu katika swali la jinsi mtu alivyoingizwa. Mtu anaweza kuwa mama wa sultani na akawa amebakwa. Kauli zote mbili ni za kweli kwa pamoja, na mtazamo wa kifeministi kazi yake hapa ni kukataa ya kwanza itumike kuizima ya pili.

Wapo wanaosema vilevile kwamba tunawahukumu watu wa kale kwa maadili ya leo, kwamba neno ridhaa kwa maana yetu halikuwako. Jibu lake lipo katika matendo ya wanawake wenyewe. Walitoroka. Misheni za Freretown na Rabai karibu na Mombasa zilijaa watoro kiasi kwamba mwaka 1889 mabwana walilipwa fidia kwa ajili ya watu zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha humo, na wanawake walikuwa miongoni mwao. Visiwani, walipoweza, walikwenda mbele ya kadhi na mbele ya hakimu wa Kiingereza, wakichagua mahakama iliyowafaa. Elisabeth McMahon, aliyechimbua kumbukumbu za mahakama za Pemba, ameonyesha jinsi watu waliotoka utumwani walivyopigania kutambuliwa kuwa wana heshima, neno lililokuwa limehodhiwa na waungwana. Hawakuhitaji karne ya ishirini na moja iwafundishe kwamba walidhulumiwa.

Ushahidi mwingine uko kwenye mavazi, na huu naupenda kwa sababu hauhitaji karani. Zamani mjakazi alijulikana kwa mbali. Alijifunga kaniki, kitambaa cheusi cha bei rahisi, au merikani isiyotiwa rangi, tena hakuruhusiwa kujifunika kichwa kama mwungwana. Baada ya 1897 wanawake waliohamia Ng'ambo, upande wa pili wa hori kutoka Mji Mkongwe, waliitupa kaniki na kununua kanga, na baadaye buibui, vazi ambalo kabla yake lilikuwa la wenye nyumba kubwa. Mwanahistoria Laura Fair ameifuatilia habari hii kwa undani. Kuna wanaoliona buibui kama alama ya kufungwa tu. Kwa mwanamke aliyekatazwa kujisitiri ili kila mtu ajue kwamba mwili wake una mwenyewe, kujisitiri kwa hiari yake kulikuwa tamko. Anayeandika habari za wanawake wa pwani bila kulikumbuka hilo atawakosea, hata akiwa anawatetea.

Katika Ng'ambo hiyohiyo ndiko sauti ya mwanamke ilikotokea hadharani. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880 kwa wazazi waliotoka katika utumwa, muuza vyungu aliyegeuka mwimbaji, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, na Shaaban Robert akaja kuandika wasifu wake. Miongoni mwa nyimbo zake upo wa Kijiti, uliotokana na mauaji ya kweli. Mwanamke mgeni aliyekuja Zanzibar, naye akiwa mjamzito, alitoka na wenzake kwenda ngomani, akachukuliwa na mwanamume aliyeitwa Kijiti na kuuawa. Muuaji akavuka bahari akaponyoka. Wimbo unaeleza jinsi ghadhabu ya hakimu ilivyowaangukia wanawake waliokuja kutoa ushahidi: walitoka bila ruhusa, walibeba pombe, wakawekwa ndani wao. Siti aliimba kisa hicho mitaani na barazani, mbele ya watu waliojua majina yote, na santuri ikakipeleka mpaka bara. Sheria ilikuwa imewauliza wanawake walikuwa wapi usiku. Yeye aliuliza muuaji yuko wapi. Sioni haja ya kutafuta ufeministi wa Afrika Mashariki katika vitabu vya ng'ambo wakati swali hilo lilikuwa limekwisha kuulizwa Zanzibar kabla ya vita vya pili vya dunia.

Ingetarajiwa kwamba Mapinduzi ya Januari 1964, yaliyofanywa kwa jina la wajukuu wa watumwa, yangeifunga hesabu hii. Mwaka 1970 wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Baraza la Mapinduzi, jambo lililolalamikiwa mpaka nje ya nchi. Rais Abeid Karume alilitetea kwa hoja kwamba zamani Waarabu waliwachukua wanawake wa Kiafrika kuwa masuria bila hata kuwaoa, na sasa zamu imegeuka. Naona hapa ndipo mahali pa uchungu kuliko pote katika historia hii. Mateso ya suria, ambayo hakuna aliyewahi kumlipa kwa ajili yake, yalikumbukwa hatimaye na serikali, na yalikumbukwa ili yawe hati ya kuwatendea hivyohivyo mabinti wengine. Bibi aliyechukuliwa kwa nguvu akageuzwa deni baina ya wanaume, na deni likalipwa kama lile la mama yake Swema, kwa msichana. Mwenye kudai kwamba ukatili dhidi ya wanawake ni suala la kabila fulani au dini fulani atueleze hapo dini ipi na kabila lipi. Waliokuwa juu walibadilika, na mwili uliolipia ulikuwa uleule wa kike.

Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 1985, Zanzibar ilipitisha sheria ambayo jina lake lilisema inawalinda wanawali, wajane na wanawake walioachwa, na ambayo ilimpeleka jela kwa muda uliofika miaka miwili mwanamke aliyepata mimba nje ya ndoa. Ilifutwa mwaka 2005. Sina la kuongeza juu yake ila kwamba hofu iliyomo humo, ya mwanamke asiye chini ya mwanamume yeyote, ni ileile waliyokuwa nayo maofisa wa 1897.

Mpaka uliochorwa mlangoni upo pia katika vitabu vya sheria vya Tanzania Bara na Kenya. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 ilitangulia nchi nyingi kwa kutamka katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Sheria hiyohiyo ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na 14 kwa idhini ya mahakama, huku mvulana akitakiwa kufikisha 18. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba tofauti hiyo inakiuka katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, jinsi kilivyoandikwa upya mwaka 1998 na sheria ya makosa ya kujamiiana, kinasema mwanamume akilala na mwanamke bila ridhaa yake amebaka iwapo mwanamke huyo si mkewe, au ni mkewe waliyetengana. Kenya nayo, katika Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 iliyopiganiwa bungeni na Njoki Ndung'u, iliwatoa waliooana kihalali, katika kifungu cha 43. Ilifika 2015 ndipo sheria ya ukatili wa majumbani ikautaja ukatili wa kingono ndani ya ndoa, na hata hapo kifungu cha 43 kilibaki kilivyo.

Wanaotetea maneno hayo husema ndoa ni siri ya watu wawili, kwamba polisi na hakimu wakiingizwa chumbani hakuna nyumba itakayosimama, na kwamba wake wabaya watatumia mashtaka kulipiza kisasi. Hoja ya kwanza ina uzito: wanandoa wana haki ya faragha, na dola inayopenda kuchungulia vitanda ni dola ya kuogopwa, kama wanawake waliofungwa kwa sheria ya 1985 walivyokuja kujua. Lakini faragha ni ya watu wawili. Inapotumika kumnyamazisha mmoja ili mwingine afanye apendavyo, imekuwa ngome ya mmoja. Isitoshe, sheria zetu zimekwisha kuingia nyumbani. Zinagawa mali ya talaka, zinaamua mtoto alale wapi, zinamshtaki anayemvunja mkewe mkono. Haziogopi kuvuka mlango. Zinasimama kwenye kosa moja tu, lile ambalo Hale alimsamehe mume, na ambalo amri ya 1897 ilimsamehe bwana. Kuhusu kisasi, kila kosa la jinai laweza kusingiziwa, wizi kuliko yote, na hakuna aliyependekeza tuufute wizi katika kanuni. Kazi ya kuchuja uongo ni ya ushahidi. Mwanamke wa leo anatakiwa aonyeshe kwanza kwamba wametengana, ndipo kukataa kwake kuwe na maana. Maana yake ni kwamba yule anayehitaji ulinzi kuliko wote, ambaye bado yumo ndani kwa sababu ya watoto au kwa kukosa pa kwenda, ndiye aliyeachwa nje ya kifungu. Marekebisho yanayotakiwa ni ya mstari mmoja: yaondolewe maneno yanayomtoa mke, na kosa lipimwe kwa jambo moja, iwapo aliridhia au hakuridhia.